Kutoka kwa Mtemi hadi Redioni: Historia ya Imani ya Umma katika Utabiri wa Mvua, Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wananchi wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita walivyoupokea na kuutumia utabiri wa mvua tangu enzi za watemi hadi zama za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Hoja kuu ni kwamba swali ambalo wananchi wamekuwa wakiliuliza kuhusu utabiri halihusu usahihi pekee. Linahusu pia nani anawajibika kwa neno lililotolewa, na mpokeaji ana uwezo gani wa kulitenda. Kwa kulinganisha maafa ya Mwakata ya mwaka 2015 na ya Ng'alita ya mwaka 2024, makala yanaonyesha kuwa dhana ya "uhaba wa elimu" haitoshi kueleza kwa nini tahadhari hupuuzwa.

1.0 Utangulizi

Shinyanga ni mkoa wa nusu ukame. Mvua yake ya mwaka hukadiriwa kuwa kati ya milimita 600 na 900, na hunyesha kwa kutawanyika: kijiji kimoja hupata mvua ya kutosha huku kijiji jirani kikibaki na vumbi. Upande wa magharibi na kaskazini, karibu zaidi na Ziwa Viktoria, Geita hupata mvua nyingi zaidi. Maeneo haya mawili yana historia moja kwa kiasi kikubwa. Wasukuma ndio wakazi wengi wa pande zote mbili, na Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012 ulimegwa kutoka mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Kagera. Aidha, maeneo haya yameunganishwa na mwendo wa watu wanaotoka shambani kwenda machimboni na kurudi, kwa kufuata mvua.

Katika eneo la namna hii, kuijua mvua kabla haijanyesha ni suala la uhai. Hata hivyo, taarifa za kiserikali na tafiti nyingi za maendeleo zimezoea kulieleza suala hili kwa namna moja: utabiri wa kitaalamu upo, wananchi hawauamini au hawauelewi, hivyo basi waelimishwe. Maelezo hayo yanaichukulia imani ya umma kana kwamba haina historia. Makala haya yanaifuatilia historia hiyo kwa kuanza na mamlaka ya mtemi, kisha yanaangalia sayansi ya kikoloni na amri za kilimo, utabiri wa msimu wa zama hizi, na hatimaye hali ya mchimbaji mdogo wa dhahabu, ambaye fasihi ya utabiri imemzungumzia kwa nadra.

Istilahi yenyewe inastahili kuangaliwa tangu mwanzo. Neno "utabiri" halikuzaliwa katika vituo vya hali ya hewa. Kabla ya redio, Kiswahili kilikuwa kikilitumia kwa kufasiri ndoto, kwa maneno ya manabii na kwa kazi ya wanajimu. Taasisi ya kisayansi ilipolichukua neno hilo, ilichukua pamoja nalo matarajio yake: mtabiri ni mtu anayejulikana, na neno lake likienda kombo, yeye mwenyewe huulizwa.

2.0 Mtemi, mvua na wajibu

Katika tawala za Kisukuma, mvua, ambayo kwa Kisukuma huitwa mbula, ilikuwa sehemu ya msingi ya kazi ya ntemi. Hans Cory, katika utafiti wake kuhusu ntemi uliochapishwa mwaka 1951, alieleza kwa kina uhusiano kati ya mwili wa mtawala, afya ya nchi na mvua. D. W. Malcolm, aliyeandika kuhusu Usukuma mwaka 1953, aliugusia uhusiano huohuo. Ntemi hakuwa lazima awe mtaalamu wa mvua yeye mwenyewe. Mara nyingi kazi hiyo ilifanywa na wataalamu maalumu kwa niaba yake. Lakini mvua ilipokatika, lawama zilimwangukia yeye, na ukame wa muda mrefu ungeweza kumng'oa katika kiti chake.

Desturi hiyo haikuwa ya Wasukuma peke yao. Steven Feierman ameonyesha kwa Washambaa, katika kitabu chake cha mwaka 1990, jinsi lugha ya kuiponya nchi na kuiharibu nchi ilivyokuwa lugha ya siasa. Todd Sanders naye, katika utafiti wake wa mwaka 2008 kuhusu Waihanzu wa Singida, majirani wa Wasukuma, ameonyesha kuwa shughuli za mvua ziliendelea kuwa njia ya kufikiri kuhusu mamlaka muda mrefu baada ya uhuru.

Kwa mwanahistoria, jambo la kuzingatia hapa ni muundo wa wajibu huo. Chini ya ntemi, mambo matatu yaliwekwa mkononi mwa mamlaka moja: kusema nini kinatarajiwa, kuwaelekeza watu wote lini waanze kazi za shamba, na kubeba lawama. Sambamba na mamlaka hiyo yalikuwepo maarifa ya kila kaya. Wazee waliangalia Kilimia, kuchipua kwa miti kabla ya mvua, mwelekeo wa upepo, kumbikumbi, na mlio wa ndege kama dudumizi. Dalili hizi hazikuchukuliwa kuwa na nguvu sawa. Zilijadiliwa, zikapimwa moja dhidi ya nyingine, na uamuzi ukabaki kwa mwenye shamba. Hivyo basi, jamii hii ilikuwa na mazoea ya kutotegemea chanzo kimoja cha habari muda mrefu kabla ya kipimamvua cha kwanza kusimikwa.

3.0 Kipimamvua na amri

Utawala wa Waingereza uliyatenganisha mambo hayo matatu. Sera ya utawala usio wa moja kwa moja, iliyopewa nguvu ya sheria mwaka 1926, iliwabakiza watemi lakini ikawageuza kuwa watumishi wenye mishahara, wakusanyaji kodi na mahakimu wa serikali. Mfano mashuhuri ni Kidaha Makwaia, mtemi wa Usiha katika Shinyanga, aliyesoma Makerere na kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945. Wajibu wake kwa dola ulipimwa kwa taarifa na mikutano, ilhali kiti alichokikalia kilikuwa kimejengwa juu ya mvua.

Wakati huohuo sayansi ya hali ya hewa ilipata makao mengine. Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1929, makao yake makuu yakiwa Nairobi. Mahitaji yaliyoisukuma kukua, hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake, yalikuwa ya usafiri wa anga zaidi kuliko ya mkulima wa jembe la mkono. Vituo vya mikoani vilipima mvua na kupeleka takwimu. Mkulima aliyekaa kando ya kituo hakuwa mteja wake.

Kilichomfikia mkulima kilikuwa amri. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, uliotekelezwa kuanzia mwaka 1947 hadi katikati ya miaka ya 1950, ulikuja na sheria ndogo za kulima kwa matuta, kuhifadhi ardhi, kupunguza mifugo na kupanda mazao ya kinga ya njaa. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru kilitoa maelekezo kuhusu wakati wa kupanda pamba. Mengi ya maelekezo hayo yalikuwa na msingi wa kitaalamu, lakini yalifika yakiwa na faini nyuma yake, na chuki dhidi ya sheria hizo ikawa sehemu ya siasa za kudai uhuru katika Kanda ya Ziwa.

Baada ya uhuru mtindo huo haukukoma. Mwaka 1963 nafasi za watemi zilifutwa kisheria, na pamoja nazo ikaondoka ofisi ya mwisho ambayo mwananchi angeweza kuidai mvua. Kufuatia ukame wa mwaka 1973 na 1974, kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona iliwataka wananchi walime kwa lazima. Tangu hapo, kila msimu ulipotabiriwa kuwa mbaya, agizo la kupanda mtama, uwele na muhogo lilifuata. Hapa pana sababu moja ya kihistoria ya mashaka ya umma: kwa vizazi viwili, neno la serikali kuhusu mvua halikutengana na amri ya serikali kuhusu shamba. Aliyelisikia la kwanza alijiandaa kwa la pili.

Palikuwa, hata hivyo, na mfano wa kinyume. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulioanzishwa mwaka 1986, ulifufua ngitili, yaani desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho kwa ajili ya kiangazi. Katika kipindi cha takriban miaka 20, eneo la ngitili liliongezeka kutoka mamia ya hekta hadi mamia ya maelfu. Ngitili ni maandalizi dhidi ya ukame ambayo hayamhitaji mtu aamini utabiri wa mwaka wowote. Wananchi waliyakubali kwa sababu walimiliki uamuzi na waliyaona matunda yake.

4.0 Lugha ya wastani

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ililazimika kuunda huduma yake yenyewe. Huduma hiyo ikawa Wakala wa Hali ya Hewa mwaka 1999, na Sheria Namba 2 ya mwaka 2019 ikaifanya kuwa Mamlaka. Tukio lililobadilisha zaidi uhusiano wake na umma lilikuwa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Tangu hapo neno "elnino" limeingia katika mazungumzo ya kila siku likiwa na maana ya mvua ya maangamizi, na tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki wamekuwa wakikutana kabla ya kila msimu ili kutoa mwelekeo wa pamoja.

Utabiri wa msimu una tabia mbili zinazozaa kutoelewana. Kwanza, ni wa uwezekano. Msimu hugawanywa katika makundi matatu: juu ya wastani, wastani na chini ya wastani, na kila kundi hupewa asilimia yake. Tuseme kundi la chini ya wastani limepewa asilimia 45, wastani asilimia 35, na juu ya wastani asilimia 20. Mtaalamu ataona kuwa mvua nyingi bado inawezekana. Lakini taarifa hiyo ikishafupishwa kwa ajili ya redio na mkutano wa kijiji, hubaki sentensi moja: mvua zitakuwa chini ya wastani. Mvua nyingi ikinyesha, mtabiri huonekana mwongo, ingawa hakusema lolote la uongo.

Pili, ni wa eneo pana. Katika utabiri wa kitaifa, Shinyanga na Geita huwekwa katika ukanda wa Ziwa Viktoria pamoja na Kagera, Mwanza, Simiyu na Mara. Mwenye shamba huko Kishapu huambiwa habari moja na mwenye migomba huko Bukoba. Zaidi ya hayo, utabiri hutolewa kwa mafungu mawili, vuli na masika, kwa istilahi zilizokomaa pwani. Huko Shinyanga mkulima hupanda mahindi au pamba mwezi Novemba au Desemba, na zao hulazimika kuvuka kipindi kikavu cha Januari na Februari ili likomae kwa mvua za Machi na Aprili. Uamuzi wake mkubwa, wa kuchagua mbegu na ukubwa wa shamba, hufanywa kabla utabiri wa masika haujatolewa. Kinachomwua mahindi si jumla ya mvua ya msimu, bali wiki tatu za jua kali wakati mahindi yanatoa mbelewele.

Hata pale utabiri unapoeleweka, kuutenda kuna gharama. Mtama hustahimili ukame, lakini huhitaji watu wa kuwinga ndege wakati ambao watoto wako shuleni, na bei yake sokoni si ya kutegemewa. Mbegu ya muda mfupi huhitaji fedha taslimu katika miezi ambayo fedha ni haba. Kwa hiyo mkulima anayesikia kuwa mvua itakuwa chini ya wastani kisha akapanda mahindi shamba la juu, mpunga katika majaruba, viazi kwa ajili ya michembe, na kumtuma kijana mmoja machimboni, hakuupuuza utabiri. Ameupokea kama alivyozipokea dalili za Kilimia na upepo: habari moja kati ya nyingi, isiyopaswa kubeba uzito wa kaya nzima.

Wanasayansi wenyewe wameanza kulitambua hilo. Mwaka 2010 Ladislaus Chang'a, pamoja na Pius Yanda na James Ngana, walichapisha utafiti kuhusu maarifa ya asili katika kutabiri mvua huko Nyanda za Juu Kusini-Magharibi. Chang'a baadaye alikuja kuiongoza Mamlaka ya Hali ya Hewa. Hatua hiyo inaonyesha kuwa mpaka kati ya elimu ya kituo na elimu ya mzee wa kijiji si ukuta.

5.0 Duara na mvua ya usiku mmoja

Kijana aliyetumwa machimboni huingia katika kalenda nyingine. Uchimbaji wa dhahabu Geita ulishika kasi katika miaka ya 1930, na mgodi mkubwa wa wakati huo ulifungwa katika miaka ya 1960. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali ilipolegeza masharti ya uchimbaji na biashara ya dhahabu, wachimbaji wadogo walimiminika. Migodi mikubwa ya kisasa ilifuata: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009.

Kwa mkulima, mvua hupimwa kwa msimu. Kwa mchimbaji, hupimwa kwa usiku. Mvua kubwa ya saa mbili hujaza duara maji, hulainisha kuta na hulegeza matimba. Lakini kiangazi nacho kina hasara yake, kwa maana mwalo wa kuoshea mchanga huhitaji maji. Mchimbaji hana haja ya kujua kama vuli itakuwa juu au chini ya wastani. Anataka kujua kama ni salama kushuka alfajiri hii. Utabiri wa siku tano, pamoja na ngazi zake za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, uko karibu zaidi na swali hilo, ingawa nao husema kuhusu mikoa wala si kuhusu kilima kimoja.

Muundo wa kazi huongeza ugumu. Mchimbaji wa duara kwa kawaida halipwi mshahara. Hupata mgawo wa kifusi au wa dhahabu baada ya mwenye eneo, mwenye duara na mfadhili kuchukua sehemu zao. Siku ambayo pampu zinakausha maji ni siku ya deni kwa mfadhili, na kwa mchimbaji ni siku isiyo na mgawo. Kukaa juu kwa sababu ya tahadhari ni gharama inayobebwa na yule mwenye uwezo mdogo zaidi wa kuibeba. Aidha, ukame unapoharibu mazao Shinyanga na Simiyu, idadi ya wanaotafuta riziki mashimoni huongezeka, wengi wao wakiwa wageni wa kazi. Hivyo ndivyo utabiri wa ukame uliotolewa kwa ajili ya shamba unavyoweza kugeuka, miezi michache baadaye, kuwa hatari ya mvua ndani ya duara.

6.0 Mwakata na Ng'alita

Maafa mawili yanadhihirisha aina mbili tofauti za kushindwa. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe iliyoambatana na upepo mkali iliipiga Mwakata na vijiji jirani, wilayani Kahama, Mkoa wa Shinyanga. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, wengi wakiwa ndani ya nyumba za udongo zilizowaangukia. Mwelekeo wa msimu haungeweza kuitaja Mwakata. Dhoruba za aina hii hukua kwa saa chache, na kuzifuatilia kunahitaji rada na mawasiliano ya haraka usiku, wakati redio zimezimwa. Hapa ujuzi ulikosa njia ya kufika. Wala hapakuwa na haja ya kutafuta kosa katika imani ya waliofariki: hata kama wangeonywa saa moja kabla, swali lingebaki, wangekimbilia nyumba ya nani?

Ng'alita ni kisa kingine. Kijiji hiki kiko Bariadi, wilaya iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi Simiyu ilipoundwa mwaka 2012. Tarehe 13 Januari 2024, kuta za machimbo ziliporomoka na kuua watu 22. Kwa maelezo ya viongozi wa mkoa yaliyotangazwa na vyombo vya habari, waliofariki walikuwa vijana walioingia alfajiri katika eneo ambalo shughuli zilikuwa zimezuiwa kutokana na mvua kubwa. Miezi kadhaa kabla, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza uwezekano wa mvua za El Niño katika vuli ya mwaka 2023. Kwa hiyo utabiri wa msimu ulikuwepo, mvua ilionekana kwa macho, na zuio lilitolewa.

Haiwezekani, basi, kusema kuwa vijana hao walikosa habari. Kilichokosekana ni kitu ambacho muundo wa kale, pamoja na udhalimu wake wote, ulikuwa nacho: mkono mmoja uliosema, ukazuia, na ukabeba gharama ya kuzuia. Zuio la Ng'alita lilimwambia mchimbaji asishuke; halikumwambia atakula nini mpaka udongo ukauke.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kuwa wananchi wa Shinyanga na Geita hawakuwahi kuwa wapokeaji tupu wa utabiri. Chini ya watemi waliupima kwa dalili zao na kumdai mtawala. Chini ya ukoloni na baada ya uhuru walijifunza kuusikia kama utangulizi wa amri. Katika zama za asilimia na wastani wameendelea kuutumia kama habari moja kati ya nyingi, jambo linalolingana zaidi na maana ya uwezekano kuliko wanavyodhani wanaowaita wasioelewa.

Hii haimaanishi kuwa mtemi arudishwe au kwamba sayansi haina la kusema. Utawala uliomng'oa mtu kwa sababu ya ukame haukuwa wa haki, na hakuna dalili ya mti itakayoona dhoruba ikitoka ziwani usiku kama rada inavyoiona. Inamaanisha kuwa juhudi za kuongeza matangazo na semina zitaishia zilipoishia juhudi zilizotangulia iwapo hazitaambatana na wajibu unaoonekana mahali husika: mtu anayejulikana kijijini au machimboni mwenye dhamana ya kupokea tahadhari, uwezo wa kusimamisha kazi, na utaratibu wa kugawana hasara ya siku iliyosimama. Mwenye eneo na mfadhili hugawana dhahabu na mchimbaji; hadi leo hawagawani naye mvua.

Watafiti watakaofuata wana kazi mahsusi. Kumbukumbu za Cory zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, daftari za vituo vya mvua, na masimulizi ya wachimbaji wa tangu miaka ya 1980 havijasomwa kwa pamoja. Vikisomwa hivyo, vitasaidia kueleza jinsi neno la tahadhari linavyosafiri kutoka kituoni hadi mdomoni mwa shimo, na mahali linapofia njiani.